Mradi wa Bonde la Msimbazi: nyumba zimeondoka, sasa chini pawe bustani ya nani?

#1 Mchikichini Kwetu
Wakuu, habari zenu. Kila uzi wa Bonde la Msimbazi hapa Dar unaishia kwenye fidia na foleni ya Jangwani. Naomba huu tujadili ardhi yenyewe.

Nyumba za bondeni zimevunjwa. Daraja jipya la Jangwani, mita 390, linajengwa ili barabara ipite juu ya maji, na depo ya mabasi ya mwendokasi inahamishwa. Mpango unasema mto utachimbwa na kupanuliwa, udongo utakaotoka utainua kingo ili pajengwe majengo, na katikati pawe bustani kubwa ya jiji. Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Msimamo wangu ni huu: bustani hiyo isiwe na uzio wala kiingilio. Mama wa Kigogo ashuke na wanawe kwa miguu, wakae kwenye ukoka mpaka jua lizame, wapande kurudi kwao bila kumwomba mtu ruhusa. Mkoa wa Dar una watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na wengi wetu tumepanga chumba kimoja au viwili. Mtoto anachezea wapi? Barabarani, kwenye bodaboda.

Hofu yangu ni hizo kingo. Zikishapata wenyewe, wenye maghorofa watataka bustani iwe ua wao. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kiti cha Mbele
Nipo. Watu wa Jangwani (Yanga) na watu wa Msimbazi (Simba) leo mnajadiliwa pamoja, mje na jezi zenu.

#3 Upanga Mashariki
Nakupinga mimi. Bustani ya bure haina mwenyewe. Zunguka bustani za wazi hapa mjini uniambie ngapi zina choo kinachofunguka. Koki zinang'olewa, nyaya za taa zinakatwa na kuuzwa kwenye vyuma chakavu, benchi zinageuka vitanda. Ukoka unataka maji kila siku kiangazi, na mtunza bustani anataka mshahara mwisho wa mwezi. Hela zitatoka wapi?

Weka geti. Mtu mzima atoe buku, mtoto aingie bure, mlinzi awepo mpaka usiku. Hapo nitakwenda na familia yangu kwa amani. Hiyo ya bure nitaiangalia nikiwa kwenye gari.

#4 Bint wa Suna
Kaka Upanga, buku kwako ni chenji. Kwetu tulikuwa watu wazima sita nyumba moja. Elfu sita ya kwenda kukaa kwenye nyasi hatuna, hiyo ni mboga na mkaa.

Mimi nimezaliwa Magomeni Suna, naijua hiyo ardhi ikiwa kavu na ikiwa chini ya maji. Wasioishi kule wanadhani mafuriko yanakuja kwa kishindo. Yanaanzia chooni. Unasikia shimo linagugumia, halafu sakafu ya uani inalowa kutokea chini kabla hata hujaona maji barabarani. Marehemu bibi alikuwa na matofali ya kuinulia kitanda na kabati, yalikaa nyuma ya mlango mwaka mzima. Mvua ikianza kupiga bati kwa nguvu, sisi wajukuu tulikuwa tunayachukua bila kuambiwa.

Tuliondoka kwa kuelezwa kwamba pale si mahali pa binadamu kuishi, na kwa kweli si mahali pa kuishi. Sasa nasikia pembeni palepale patajengwa maghorofa. Naomba mwenye kujua anieleze taratibu, maana hapo ndipo roho inapouma.

#5 Kijana wa Kigogo
Naunga mkono hoja ya #1. Sheria ipo wazi, mita 30 kila upande ni mali ya mto.

Ila tuseme ukweli pia. Huu mto unafurika kwa sababu ya takataka. Mimi nakaa karibu na mtaro, naona. Wingu likiwa zito watu wanatoka na viroba wanasubiri mvua ianze, wakishaona maji yanakimbia wanamwaga. Chini ya daraja utakuta godoro, matairi, sofa nzima. Mtaweka nyasi za kila aina, mvua ya kwanza ya masika zitafunikwa na chupa za plastiki.

#6 Rula na Penseli
Kijana wa Kigogo, ni mita 60, siyo 30. Soma kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hairuhusiwi shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari.

Dada Bint wa Suna, kazi yangu ni upimaji, nitakueleza ninavyoelewa. Bonde lina sehemu ya chini ambayo maji lazima yapite, na lina mabega pembeni. Wazo ni kuchimba kule chini pawe na kina na upana wa kutosha, halafu udongo ule ule uinue mabega juu ya kimo cha mafuriko. Majengo yatakaa juu ya mabega, bustani itakaa chini. Kihesabu inawezekana. Ulipokuwa unaishi wewe hapakuwa pameinuliwa, ndiyo tofauti. Sisemi kwamba ni haki au si haki, hilo ni swali jingine.

Jambo ambalo nataka wote tulielewe: bustani ya chini ni bustani ya kuzama. Mvua kubwa ikija, viwanja na njia na nyasi vinabeba maji kwa muda, kisha yanashuka baharini. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, kupumzika kwetu ni kazi ya pili. Ndiyo maana siafiki ukuta wala geti la zege chini. Ukuta kwenye njia ya maji unashika takataka za Kijana wa Kigogo, unakuwa bwawa, na maji yanatafuta nyumba ya mtu. Tuliona depo ilivyokuwa: mabasi yamesimama ndani ya maji, na Barabara ya Morogoro imefungwa.

#7 Nahodha wa Feri
Mnaongea mto mkasahau bahari. Msimbazi unaingia baharini pale Salenda. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bahari yanapanda zaidi ya mita tatu kulinganisha na yakikupwa. Mvua ya Pugu ikifika mdomoni wakati bahari imejaa, mto hauna pa kutokea, unarudi nyuma kukaa Jangwani. Mvua hiyo hiyo ikinyesha wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, utaona barabara inapitika. Sisi tunaofanya kazi majini tunaangalia mwezi kabla ya kuangalia wingu.

Na pale Salenda kuna mikoko. Naomba sana mtu asije na wazo la kuifyeka ili watu waone bahari vizuri kutoka bustanini. Mizizi yake inatuliza maji na kushika tope, na kamba na samaki wadogo wanakulia mle.

#8 Pugu kwa Juu
Nahodha, heshima yako, lakini mwezi ulikuwepo tangu enzi za babu zetu na bonde halikuwa linajaa namna hii.

Tatizo ni huku kwetu. Mto unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unatembea kama kilomita 35. Zamani huku ni mikorosho na michungwa, mvua ikinyesha inazama ardhini. Leo kila kiwanja kina bati kubwa na ua umepigwa pevingi mpaka getini. Tone haliingii ardhini. Halafu kuna wachimba mchanga. Wanakata kingo za vijito usiku, malori yanapakia, mvua ikija ukingo unaporomoka na nyumba ya mtu. Mchanga uliobaki unasafiri mpaka Jangwani unajaza mto. Mtachimba leo, baada ya misimu michache umejaa tena. Hiyo bustani itunzwe kuanzia huku juu.

#9 Kiti cha Mbele
Mpaka sasa: Kijana anashtaki takataka, Nahodha anashtaki mwezi, Pugu anashtaki pevingi. Rula hajatuambia anamshtaki nani.

#10 Rula na Penseli
Wote watatu wana sehemu yao, na mimi naongeza ya nne: barabara ya zamani pale Jangwani ilikaa chini mno na matundu ya kupitishia maji hayakutosha. Nani ana sehemu kubwa kuliko mwenzake sitasema, maana kila mvua inakuja kivyake.

#11 Mzee wa Lumumba
Vijana wangu, mmeniamsha. Mpango Kabambe wa jiji wa 1979 uliliweka Bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari, libaki wazi, lisijengwe. Kwa hiyo hii bustani siyo zawadi mpya, ni deni la siku nyingi. Watu walijenga kwa sababu mji ulikua kuliko viwanja vilivyopimwa, na mtu anayehitaji kukaa karibu na Kariakoo ili apate riziki hawezi kungoja kiwanja. Walipata maji, walipata umeme, walichaguana viongozi wa mtaa. Yakaja mafuriko ya Desemba 2011, watu zaidi ya arobaini wakafa. Waliookolewa wakapelekwa Mabwepande, kule njia ya Bunju. Nina jamaa walirudi, kwa sababu biashara yao ya vitumbua ilikuwa na wateja Jangwani na Mabwepande haikuwa na wateja.

Naomba tusiwalaumu waliokaa. Tuulize kwa nini eneo lililowekwa wazi kwenye ramani halikulindwa, kwa sababu hili jipya nalo litawekwa kwenye ramani.

#12 Damu ya Kijani
Shikamoo mzee. 2011 ilikuwa mvua kubwa kuliko zote tangu Uhuru, nilikuwa mdogo lakini naikumbuka helikopta.

Mimi naleta jambo la furaha. Jangwani ni nyumbani kwa Yanga. Uwanja wa Kaunda pale klabuni umezama mara nyingi mpaka nyasi zikawa matete. Mradi huu ukiinua ardhi, timu ya wananchi ipewe nafasi ijenge uwanja wa kisasa. Bustani bila mpira ni makaburi.

#13 Mnyama wa Mtaani
Mto unaitwa Msimbazi, kila mwaka unashuka kuja kulala Jangwani bila hodi. Hamjaelewa tu ujumbe?

#14 Damu ya Kijani
Mnyama, ninyi uwanja wenu uko wapi? Jibu kwanza halafu tuendelee.

#15 Mzee wa Lumumba
Marahaba Damu ya Kijani. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakati ule ilisema tangu 1954, kwa hiyo ni kabla ya Uhuru. Mimi 1954 nilikuwa mtoto, siikumbuki mvua yake.

#16 Rula na Penseli
Uwanja wenye majukwaa ni jengo zito, mahali pake ni kwenye bega lililoinuliwa, tena baada ya udongo kupimwa. Chini wekeni viwanja vya mchangani vingi, magoli ya bomba, mstari wa chokaa. Maji yakija magoli yanabaki, mchanga unasawazishwa kwa reki, kesho yake watu wanacheza.

#17 Bint wa Suna
Na mkumbuke kuna watoto wa kike. Kila mradi ukisema viwanja vya michezo, vijana wa kiume wanajaza kuanzia saa kumi jioni na sisi tunakaa pembeni kushika viatu. Iwepo sehemu ya netiboli, iwe karibu na njia yenye taa, siyo kule mwisho kwenye matete.

Kaka Upanga, mimi kama mwanamke nataka usalama kuliko wewe. Lakini kinachonilinda ni taa na watu. Mahali penye muuza mahindi, bibi na wajukuu, vijana wanaosoma chini ya taa, mwizi anaona aibu. Mahali pana ukuta na geti moja, ukishaingia ndani umefungiwa na yeye.

#18 Jirani wa Ngara
Habari za huko majirani. Niongee kutoka Nairobi. Uhuru Park yetu ingekuwa imeliwa kitambo. Mwaka 1989 serikali ilipanga kujenga ghorofa 60 mle ndani, na ofisi za chama tawala humo humo. Profesa Wangari Maathai akaandika barua, akapinga, akatukanwa hadi Bungeni, na mwishowe mradi ukafa. Miaka miwili baadaye Jeevanjee Gardens ikataka kufanywa maegesho ya magari, wakazi wakakataa. Mwaka 2019 barabara ya juu ikataka kumega ukingo wa Uhuru Park, watu wakapiga kelele tena na ramani ikasogezwa.

Kwa hivyo mjue kulinda si kazi ya mara moja. Na mjihadhari na neno ukarabati. Uhuru Park ilifungwa 2021 ikarekebishwe, na tukakaa nje ya mabati muda mrefu sana. Wapiga picha na wauza aiskrimu walioishi kwa hiyo bustani walipoteza riziki yao.

#19 Upanga Mashariki
Jirani, asante. Hebu waambie pia kuhusu msitu wa Karura hapo Nairobi. Nimefika. Kuna uzio, kuna kiingilio, na nilikuta akina mama wanakimbia peke yao asubuhi.

#20 Jirani wa Ngara
Ni kweli, siwezi kuficha. Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa, na ilipozungushiwa uzio wa umeme watu wakaanza kurudi. Lakini Karura ni msitu mkubwa ulio pembeni, jamaa wa River Road hapiti huko akienda kazini. Uhuru Park iko katikati, mtu anaingia saa saba mchana kulala dakika kumi kwenye nyasi halafu anarudi kutafuta kibarua. Huyo ukimwekea kiingilio umemfungia. Bonde lenu linafanana na ipi kati ya hizo mbili? Ninyi ndio mnajua.

#21 Mchikichini Kwetu
Linafanana na Uhuru Park, bila ubishi. Liko kati ya Magomeni, Kigogo, Ilala na Kariakoo. Watu watalivuka kila siku kwenda kazini.

#22 Mtu wa Shangani
Nawasalimu kutoka Unguja. Bustani ya Forodhani ilichakaa mpaka ukuta wa bahari ukawa unaliwa na mawimbi. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaikarabati na ikafunguliwa upya 2009. Hakuna kiingilio. Watoto wanajirusha baharini, wazee wanakaa, wauza urojo na mishikaki wamepangiwa sehemu yao, taa zinawaka. Watu wengi jioni ndio walinzi. Tulilalamika wakati imefungwa, wauzaji walihamishwa wakawa na wasiwasi kama watarudi, lakini leo kaangalie mwenyewe.

Msiwafukuze wauza vyakula. Bustani isiyo na kikombe cha kahawa watu hawakai.

#23 Mama Mboga wa Mkwajuni
Jamani, nimesoma mpaka hapa, hakuna hata mmoja aliyewataja wakulima. Mchicha, matembele na bamia mlivyokula miaka yote vililimwa humo bondeni. Kuna wanawake wamesomesha watoto kwa matuta ya mchicha. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu, unapanda tena, hauhitaji nyumba wala zege. Kama ni kijani kinachotafutwa, wao walikuwa wanaliweka bonde la kijani bila mkopo wa mtu. Wapangiwe eneo ndani ya hiyo bustani.

#24 Kijana wa Kigogo
Mama Mboga, kwa heshima zote, mchicha ule unamwagiliwa na maji gani? Viwanda, machinjio, vyoo, vyote vinaishia mtoni. Wataalamu wameshapima mboga za kule na kukuta madini mazito kama risasi. Mimi siwapi wanangu.

#25 Mama Mboga wa Mkwajuni
Basi safisheni maji, mwanangu. Mkulima hakuyachafua. Ukimwondoa yeye, maji yatabaki machafu vilevile, na watoto watakaocheza kwenye hiyo bustani watayakanyaga.

#26 Pugu kwa Juu
Hapo mama umemaliza.

#27 Kivuli cha Mkungu
Niingie kwenye miti, maana ndiyo kazi yangu, nina kitalu. Nimeshauza miche kwa bustani nyingi za taasisi na nitawaambia kinachotokea. Mchoro unakuja na miashoki na minazi ya mapambo, safu mbili zimenyooka, katikati pevingi nyekundu. Siku ya uzinduzi picha inapendeza. Saa sita mchana hakuna anayeweza kukaa, mwashoki ni mwembamba, kivuli chake kinatosha mtu mmoja akisimama wima. Watu wanahamia kwenye ukuta wa jengo la jirani.

Dar ni jua na jasho. Pandeni mikungu, ina matawi yanayolala kama mwavuli, na inavumilia upepo wa chumvi. Pandeni mikwaju na mikuyu kwenye mabega, miarobaini kando ya njia. Sehemu zinazozama wekeni nyasi zenye mizizi mirefu zinazoshika ukingo, na chini kabisa kuelekea Salenda mwachieni Nahodha mikoko yake. Mche wa kimo cha goti ukipandwa mwanzo wa masika na ukapata mtu wa kuumwagilia kiangazi mbili, umesimama. Shida ni kwamba mikataba mingi inalipia kupanda, hailipii kumwagilia. Nimepita bustani nilizouzia miche nikakuta vijiti vya kuegemezea tu.

#28 Upanga Mashariki
Kivuli, umerudi kwenye hoja yangu. Nani analipia hizo kiangazi mbili? Bint na Mchikichini wamenijibu kuhusu geti, hawajanijibu kuhusu hela. Sawa, kiingilio mmekikataa. Basi maegesho ya magari yalipiwe, viwanja vyenye taa vikodishwe usiku, wenye migahawa ya kwenye mabega walipe kodi nzuri, na hela zikae kwenye mfuko wa bustani peke yake. Zikiingia kwenye kapu kubwa hazitoki.

#29 Mchikichini Kwetu
Kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hata mpangaji asiye na jengo anakatwa. Kwa hiyo mtu wa Kigogo ameshatoa kiingilio chake, anakitoa kila mwezi akinunua umeme. Hizo za migahawa na maegesho sina tatizo nazo, mradi migahawa isishuke chini kidogo kidogo. Leo meza nne kwenye nyasi, kesho kamba, keshokutwa "eneo la wateja tu".

#30 Jukwaa Kuu
Mnasahau Jangwani ni uwanja wa mikutano. 2015 CCM walizindua kampeni pale, wiki moja baadaye UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, nao wakazindua pale pale, watu mpaka barabarani. Mkijaza miti na viwanja vya netiboli, wananchi watakusanyika wapi? Taifa lilizaliwa viwanjani, bendera yenyewe ilipandishwa Mnazi Mmoja.

#31 Mzee wa Lumumba
Bendera ilipandishwa Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Mnazi Mmoja pana mnara wa Mwenge, labda ndiyo umekuchanganya.

Na kwa kuwa umeitaja Mnazi Mmoja, ni somo zuri. Mkoloni aliuacha ule ukanda wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa mjini. Nia ilikuwa mbaya, lakini tulipojitawala tukarithi ardhi ya wazi katikati ya mji. Tukaanza kupunguza kipande kwa kipande, kila kipande kwa sababu nzuri: hospitali, shule, ukumbi. Hakuna anayekataa hospitali. Ila hakuna aliyepanga kurudisha.

Hoja yako ya mikutano naiunga mkono. Pawe na eneo kubwa la wazi lisilo na miti, la kukusanyika, kusali Idi, kusherehekea. Siku nyingine watoto warushe tiara.

#32 Kiti cha Mbele
Mzee anatoa hotuba nzuri kuliko walioitwa wataalamu. Swali: wananchi tuliulizwa?

#33 Rula na Penseli
Mwaka 2018 kulikuwa na mikutano ya kupanga kwa pamoja, wakazi, wataalamu na taasisi za serikali meza moja, ramani zikichorwa palepale. Mawazo mengi ya mpango wa sasa yalitoka huko. Siyo kweli kwamba hakuna aliyeulizwa.

#34 Bint wa Suna
Siyo kweli kwamba wote tuliulizwa pia. Mtaani kwetu tuliitwa mkutano, tukaonyeshwa picha ya watu wanatembea kando ya mto, wote wamevaa viatu vya mazoezi na wameshika chupa za maji. Jirani yangu mzee akauliza, "Hapo mimi niko wapi?" Akaambiwa maswali mwisho. Mwisho ulipofika, muda ulikuwa umekwisha na karatasi ya mahudhurio ikazungushwa tusaini. Bado naipekua ile picha kichwani nione kama kuna mtu wa khanga mle ndani.

#35 Mtu wa Shangani
Dada, hilo liandikeni na mlipeleke. Picha ikichorwa bila mtu wa khanga, ujue na mlango wake haujachorwa.

#36 Mchikichini Kwetu
Nakazia. Kwa hiyo tuulize jambo moja linaloshikika: njia za kushukia ziko wapi? Kutoka Kigogo, kutoka Suna, kutoka Hananasif, kutoka Mchikichini. Mabega yakiinuliwa na kujengwa mfululizo, sisi wa nyuma tutabaki tunaangalia migongo ya maghorofa, hata kama bustani haina uzio. Vichochoro vya umma viachwe kati ya jengo na jengo, vipimwe na viwekewe alama kabla kiwanja cha kwanza hakijapata mwenyewe. Nawaomba kila mmoja apeleke hili kwa mwenyekiti wake wa mtaa kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri.

#37 Rula na Penseli
Hilo ni ombi la kitaalamu kabisa. Ongezeni upana. Kichochoro cha mita moja na nusu ni cha wezi. Ombeni kisichopungua mita sita, chenye mtaro uliofunikwa na taa, ili hata gari la wagonjwa lishuke.

#38 Upanga Mashariki
Vichochoro naviunga mkono. Mfuko wa matunzo uandikwe kwenye barua hiyo hiyo, la sivyo sisaini.

#39 Damu ya Kijani
Na uwanja.

#40 Mnyama wa Mtaani
Uwanja wa wote, siyo wa Yanga. Ukiandikwa wa Yanga na mimi sisaini.

#41 Nahodha wa Feri
Na mikoko, tafadhali, kwa jina lake, isiandikwe "uoto wa asili" halafu mtu akaja kuutafsiri kwa panga.

#42 Kijana wa Kigogo
Mnaandika barua nzuri, ila mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na mabomba yanayomwaga mtoni usiku hakuna aliyeyagusa tangu Mama Mboga aseme. Nani anajua ni ofisi ipi hasa inapokea malalamiko ya bomba linalomwaga? Mtaa wananiambia niende wilayani, wilayani wananirudisha mtaani. Nina video.